Namna ya kuuingiza uwanja wa fikra katika mpango wa operesheni: mafunzo ya Ras Kasone, Tanga

Atakayesimama Ras Kasone akatazama upande wa mjini ataona kwamba safari ya kutoka ufukwe ule hadi stesheni ya reli ya Tanga si ya kumchosha mtu mzima, kwa kuwa hakuna mlima wala mto wa kuvuka. Mwanzoni mwa Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani, jeshi la msafara la Waingereza kutoka India, lenye askari wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilishushwa hapo na meli ili liuteke mji ambao mwanzoni ulilindwa na kombania moja ya Wajerumani pamoja na polisi, na ambao hata baada ya nyongeza kufika kwa treni ulikuwa na walinzi elfu moja hivi. Tarehe 5 Novemba jeshi hilo lilikuwa likirudi melini. Lilikuwa limepoteza watu zaidi ya 800 waliouawa na kujeruhiwa, na liliacha nyuma bunduki 455 na risasi zipatazo nusu milioni. Upande wa pili waliouawa na kujeruhiwa hawakufika 150.

Wengi hulieleza tukio hili kwa nyuki, nami nitawafikia nyuki hao baadaye. Kwa ofisa mnadhimu, yaani anayemsaidia kamanda kupanga, hata hivyo, funzo lenye uzito zaidi ni kwamba mpango wa Aitken ulijibu maswali ya mahali, saa na idadi ya watu, lakini haukuuliza nani anaamini nini, na imani hiyo itamfanya atende nini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliuliza swali hilo mapema, wakati mpango ungali penseli, na unamfaa ofisa kijana, mwanafunzi wa masomo ya usalama, au mwalimu anayeendesha zoezi la mezani.

Kwanza tukubaliane juu ya neno lenyewe, uwanja wa fikra. Mazingira ya operesheni hugawanywa katika matabaka matatu. Tabaka la vitu lina watu, silaha, barabara na nyaya za mawasiliano. Tabaka la taarifa lina maneno, picha na ishara zinazosafiri katika nyaya hizo. Na tabaka la fikra, ambalo ndilo uwanja wa fikra, ni yale yanayotokea kichwani mwa mtu taarifa inapomfikia, yaani anaipa maana gani, anaipima kwa mazoea yapi, na inamsukuma aamue nini. Mafundisho ya kijeshi ya Marekani yaliuandika mgawanyo huu kwa miaka mingi, na China iliingiza mwaka 2003 katika kazi za jeshi lake dhana ya vita vitatu, yaani vita vya saikolojia, vya maoni ya umma na vya kisheria. Rubani wa kijeshi wa Marekani, John Boyd, aliueleza uamuzi wa vitani kuwa ni mzunguko wa kuona, kujielekeza, kuamua na kutenda, na akasisitiza kwamba kujielekeza, yaani ile hatua ambayo mtu anakipa maana alichokiona, ndiko kunakotawala mengine yote. Wanadhimu wengi hukariri mzunguko huo kisha wakaharakisha kutenda, kana kwamba Boyd alizungumzia mbio peke yake.

Kosa la kawaida ni kuufanya uwanja wa fikra kuwa kiambatisho cha propaganda, kinachoandikwa na ofisa habari usiku wa mwisho, mpango ukiwa umeshatiwa saini. Kiambatisho cha namna hiyo hueleza tutasema nini. Mpango unahitaji kujua nani anapaswa kuamua nini, na kabla ya saa ngapi.

Anza na uamuzi

Wakati wa kuchambua jukumu, kabla hujachora mshale wowote kwenye ramani, andika sentensi moja kwa kila mtu au kundi ambalo uamuzi wake unaweza kuusimamisha au kuusukuma mpango. Sentensi hiyo iwe na mtu, tendo na saa. "Kuvunja ari ya adui" si sentensi ya kupangia, kwa sababu haina saa wala haipimiki. "Kamanda wa akiba ya adui asiitoe akiba yake Moshi kabla ya sisi kuishika stesheni" ni sentensi ya kupangia, kwa sababu kila ofisa mezani anaweza kuuliza kinachoweza kumfanya kamanda huyo abaki alipo, na kinachoweza kumwamsha.

Sasa ipime manowari ya Uingereza iitwayo Fox kwa sentensi hiyo. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba Kapteni Francis Caulfeild aliingia nayo mbele ya Tanga, akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akamwarifu kwamba makubaliano ya kutoshambuliana bandarini hayapo tena, akautaka mji usalimu amri, na akampa muda mfupi wa kujibu. Auracher alirudi mjini, akapeleka habari kwa simu ya maandishi kwa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki, kisha akavaa sare yake akajiunga na walinzi. Caulfeild alitaka kutimiza wajibu wa uungwana, na simlaumu kwa hilo. Lakini kila ujumbe unaompelekea adui unamweleza pia jambo kuhusu wewe, na ujumbe ule ulimweleza Lettow-Vorbeck mahali na siku, mambo mawili ambayo kamanda wa ulinzi huyatafuta kwa udi na uvumba. Caulfeild aliogopa pia kwamba bandari ilikuwa na mabomu ya majini. Hayakuwapo, lakini saa zilizotumika kuyatafuta zilikuwa saa ambazo treni kutoka Moshi zilikuwa zikijiandaa. Hofu ya mabomu ambayo hayakutegwa ilimlinda adui bila kumgharimu chochote.

Kwa hiyo chini ya kila sentensi ya uamuzi ongeza mstari wa pili: tendo letu lipi, hata lile la kiofisi au la kiungwana, litamfikishia mtu huyu habari ambayo hatukukusudia aipate?

Chora ramani ya imani

Ukishajua maamuzi unayoyahitaji, chora ramani ya watu, na usiridhike na safu iitwayo "raia". Raia si kundi moja. Kwa mji kama Tanga wa leo utaandika wavuvi wa asubuhi, wafanyakazi wa bandari, madereva wa bodaboda, wanafunzi, maimamu na mapadri, wenye maduka, na familia za askari. Kwa kila kundi uliza wanaipata wapi habari wanayoiamini, kwa kuwa habari wanayoiona na habari wanayoiamini ni vitu viwili. Mtu anaweza kusikiliza redio siku nzima, akaja kuamini ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliotumwa na shemeji yake, au neno lililosemwa barazani baada ya sala ya alasiri. Ofisa asiyejua tofauti hiyo atalipia matangazo redioni na kushangaa kwa nini barabara imejaa wakimbizi.

Kisha andika alama, yaani vitu ambavyo kwako ni vya kawaida na kwa wengine vimebeba maana nzito: bendera, makaburi, mti fulani, nyumba za ibada, mavazi, hata njia ambayo msafara wa magari unapita. Mfano uko kusini kidogo mwa Tanga. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kuchukua usimamizi wa mwambao kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar. Kwenye karatasi lilikuwa suala la forodha na kodi. Pangani, mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alishikilia kwamba bendera ya kampuni ipandishwe, na akaitendea kwa dharau bendera ya Sultani, ambayo kwa watu wa mji ilikuwa ndiyo jibu la swali la nani ana haki ya kuwaamuru. Upinzani ulioanzia hapo ulipata kiongozi, Abushiri bin Salim, ukaenea hadi Kilwa, na baada ya muda mfupi kampuni ilibaki imejishikiza Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa msaada wa manowari. Ujerumani ililazimika kumtuma Hermann Wissmann na jeshi la kukodi mwaka 1889, na Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Kampuni ilihesabu bunduki na mapato ya forodha; bendera haikuwamo katika hesabu zake. Andika orodha ya alama kabla ya orodha ya shabaha, na mpe kazi hiyo mtu aliyekulia mahali hapo, hata kama cheo chake ni koplo.

Kipime kichwa cha kamanda wako

Hapa ndipo wanadhimu husita, kwa sababu ni rahisi kuchora kichwa cha adui na ni hatari kukigusa cha mkubwa wako. Hata hivyo, Tanga ilipotea hapa kabla ya kupotea mahali pengine popote. Aitken alikuja akiwa ameshaamini kwamba askari weusi wa Kijerumani hawangesimama mbele ya jeshi la India. Maofisa wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, waliowafahamu askari hao, walijaribu kumwonya, na onyo lao halikupata nafasi. Imani hiyo moja ilizaa nyingine: kwamba vikosi viwili vya brigedi ambavyo havikuwahi kufanya kazi pamoja vingetosha, kwamba watu waliochoshwa na majuma ya bahari wangepigana mara tu baada ya kushuka, na kwamba upelelezi wa kina haukuwa na haraka. Lettow-Vorbeck, kwa upande wake, alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, akaingia mjini kwa baiskeli kutazama kwa macho yake mitaa na ufukwe. Tofauti kati ya makamanda hawa wawili haikuwa katika wingi wa taarifa. Mmoja alikuwa bado anauliza.

Njia ninayoipendekeza ni nyepesi, na inaweza kufanywa kwa karatasi na kalamu. Gawa karatasi katika sehemu nne. Ya kwanza iwe na dhana, iliyoandikwa kwa lugha ya kukiri: "Tunaamini kwamba mji unalindwa na watu wachache wasio na ari." Ya pili ieleze msingi wa imani hiyo, na hapo uwe mkali, kwa kuwa mara nyingi utakuta msingi ni kwamba mkubwa fulani aliwahi kusema. Ya tatu itaje ishara itakayoonyesha kuwa tumekosea. Ya nne imtaje mtu atakayeitafuta ishara hiyo na saa atakayoleta jibu. Dhana isiyoweza kujazwa sehemu ya tatu ni ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu hakuna tukio litakaloweza kuitikisa. Israeli ilijifunza hivyo Oktoba 1973: wachambuzi wake walishikilia kwamba Misri haingeanzisha vita kabla ya kupata silaha za kufika mbali ndani ya Israeli, na kila dalili ya maandalizi kando ya mfereji wa Suez ikasomwa kuwa ni mazoezi, mpaka siku ya vita yenyewe.

Mpe ofisa mmoja kazi ya kuwa adui katika mchezo wa vita, awe na cheo cha kutosha kiasi kwamba kamanda hawezi kumnyamazisha kwa kumtazama tu, na aruhusiwe kushinda. Ofisa wa kuigiza adui anayeshindwa kila zoezi ni pambo la ukumbi.

Kipimo cha mwisho cha hatua hii ni lugha. Nia ya kamanda ikiandikwa kwa Kiingereza cha chuoni, kisha ikatafsiriwa njiani na kila ngazi kwa namna yake, itafika chini ikiwa nia nyingine. Isome kwa Kiswahili mbele ya askari wa kawaida, mwombe aieleze kwa maneno yake, na usimsahihishe mpaka amalize. Asipoweza, tatizo liko kwenye karatasi yako.

Hadaa na mipaka yake

Hadaa ni sehemu ndogo ya kazi hii kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo sitakaa hapa sana. Hadaa hufaulu inapoisukuma imani ambayo adui anayo tayari. Katika Operesheni Fortitude ya mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, waliitegemea dhana waliyokuwa nayo Wajerumani kwamba shambulio kuu lingepitia Pas-de-Calais. Wakaunda jeshi la kubuni likidaiwa kuongozwa na Jenerali George Patton, wakatumia redio za uongo na taarifa za jasusi wao Juan Pujol, na majeshi ya Kijerumani yakaendelea kusubiri huko kwa majuma kadhaa baada ya tarehe 6 Juni, siku Washirika walipotua Normandy. Angalia kilichopimwa: walipima kama mgawanyo wa majeshi ulibaki palepale, jambo linaloonekana, na hawakutosheka na kusikia kwamba adui ameamini.

Mipaka ya kisheria iandikwe katika mpango wenyewe. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inaruhusu mbinu za kumpoteza adui, na inakataza usaliti wa ulinzi wa sheria, kama vile kujifanya unasalimu amri kwa bendera nyeupe ili uue. Sababu yake ni ya vitendo pia. Tarehe 5 Novemba pande mbili za Tanga zilikutana chini ya bendera nyeupe kuzungumzia majeruhi, na mazungumzo hayo yaliwezekana kwa sababu bendera ile bado iliaminiwa. Nami naongeza mpaka wangu: watu wako mwenyewe si shabaha ya hadaa. Raia aliyedanganywa mara moja na jeshi lake hataitikia siku atakapoambiwa ukweli wa kumwokoa.

Safu ya fikra ndani ya ratiba

Ratiba ya operesheni kwa kawaida ina safu za mwendo, mizinga, ugavi na tiba. Ongeza safu moja inayosema, kwa kila awamu, kikosi chetu kinaamini nini, adui anaamini nini, na wenyeji wanaamini nini. Isiwe na maneno mengi. Safu hii ndiyo ingemfaa kila mtu usiku wa tarehe 4 Novemba, usiku ambao kwangu ndio kiini cha habari yote ya Tanga.

Mchana wa siku ile shambulio la Waingereza lilifika hadi ndani ya mitaa, kisha likavunjika upande wa kushoto kwa mashambulizi ya ubavuni na kwa bombomu, yaani bunduki za rashasha. Jioni baragumu lilipigwa upande wa Wajerumani, na kombania kadhaa zikalielewa kuwa ni amri ya kurudi kwenye kambi ya zamani magharibi mwa mji. Zikaondoka. Kwa saa kadhaa za usiku ule Tanga, mji ambao watu 8,000 walivuka bahari kuja kuuteka, ulikuwa karibu mtupu. Ufukweni, majeshi ya Aitken yalikuwa yameshajiona yameshindwa, makao makuu yalikuwa yakifikiria kupakia meli, na hakuna aliyetaka kwenda kuangalia. Lettow-Vorbeck aligundua kosa na akawarudisha watu wake kabla ya mapambazuko. Pande zote mbili zilitenda kwa imani isiyo ya kweli kwa wakati mmoja, na iliyoshinda ni ile iliyowahi kujisahihisha.

Kutokana na usiku huo weka mambo mawili katika kila mpango. La kwanza ni ishara ya pili ya kuthibitisha amri kubwa, hasa amri ya kurudi nyuma, ili sauti moja isitoshe kuhamisha kombania. La pili ni doria ambayo kazi yake ni kuhakiki hali baada ya kushindwa, iliyopangwa kabla ya shambulio, kwa sababu baada ya kushindwa hakuna atakayekuwa na moyo wa kuipanga.

Katika zama za simu za mkononi safu hii hubeba pia kinga ya mapema. Machi 2022 ilisambazwa video ya bandia ikimwonyesha Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine akiwaambia askari wake waweke silaha chini. Haikufua dafu, na sababu moja ni kwamba mamlaka za Ukraine zilikuwa zimewaonya watu majuma mawili hivi kabla kwamba video ya namna hiyo ingekuja. Onyo likitangulia, mtu hukutana na uongo akiwa ameshautambua sura yake; likichelewa, unabaki unabishana na jambo ambalo ameshalitumia watu hamsini.

Masimulizi ya baadaye

Sasa nyuki. Katika vichaka vya nje ya mji risasi ziliwachokoza nyuki, nao wakawavamia askari wa pande zote mbili, ingawa Waingereza ndio walioumia zaidi. Uingereza habari za kushindwa zilifichwa kwa miezi, na zilipovuja zikaja na madai kwamba Wajerumani waliitega mizinga kwa nyaya ili nyuki wawatokee wavamizi. Lugha yetu inaita mzinga kile kinachorusha kombora na kile kinachokaa nyuki, kwa hiyo msikilizaji wa Kiswahili huenda akaisikia habari hii kwa tabasamu. Lakini kwa mpangaji ni onyo. Palipokosekana maelezo ya kweli, maelezo ya kupendeza yalijaza nafasi, na yakawaondolea wakubwa swali la upelelezi na dharau. Katika awamu ya mwisho ya mpango andika nani atasema nini tukishinda, na nani atasema nini tukishindwa, ndani ya saa ngapi, na kwa ushahidi upi.

Ukitaka kulifundisha haya yote kwa zoezi moja, wapeleke wanafunzi Ras Kasone alasiri, watembeze hadi stesheni na kuwarudisha ufukweni, kisha wape hali ilivyojulikana na makao makuu ya Aitken saa mbili usiku wa tarehe 4 Novemba: hasara za mchana, uchovu, vikosi vilivyochanganyika, na ukimya upande wa mjini. Usiwaambie habari za baragumu. Kila mmoja aandike amri yake peke yake kwenye karatasi, na chini ya amri aandike anaamini nini kuhusu ukimya ule na amemtuma nani kwenda kuuhakiki. Zikusanye karatasi, zisome kwa sauti bila majina, na ndipo uwaambie mji ulikuwa katika hali gani saa ile.